Baba na Hoteli za Mtoni

Antsohihy,
Mtaa wa chini, karibu na gati.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Jaomiza,

Kabla ya yote nakusalimu, na nyumba nzima inakusalimu. U hali gani huko Reunion? Mgongo ule uliokuwa ukikusumbua umepoa, au bado unajifanya kijana na kubeba magunia? Wifi Odile hajambo? Na wale wanangu, bado hawataki kuongea nami kwenye simu kwa kuona haya? Waambie shangazi yao haumi.

Sisi huku ni wazima wa kuweza kusimama. Shemeji yako Bemora anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la kiangazi hiki, lakini kofia na kelele zake ni zilezile. Mwanetu Zaratiana amepanda darasa. Paa la jikoni tumelibadilisha, halivuji tena, au tuseme hatujajua, maana mvua bado.

Picha ulizotuma tumezipata. Umenenepa. Usikasirike, nimesema ukweli na mama angeusema kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa nikueleze habari ya Baba. Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaiacha, kwa sababu kila nikifika hapa kwenye Baba kalamu inakuwa nzito. Kwenye simu nakuambia hajambo, na si uongo, hana homa, hana kidonda, anatembea. Lakini hali, Jaomiza. Baba hali chakula.

Ilianza baada ya kumaliza matanga ya mama. Siku moja adhuhuri alivaa shati lake la unahodha, lile jeupe alilokuwa akivaa akiendesha boti ya Analalava, akachukua kofia, akaniambia, "Leo nakwenda kula kaa hotelini." Mimi nilifurahi sana. Unamjua Baba, maisha yake yote alikuwa akisema anayekula hotelini ni mtu aliyefukuzwa kwake. Nikasema moyoni, afadhali, anataka kuona watu.

Nilifuatana naye. Tukaanza na kwa Jaozafy, ile hoteli yenye vitambaa vya meza na maua ya plastiki, iliyosogea mpaka juu ya maji. Siku hizi watu wanatoka mbali kuja kula hapo, magari ya Mahajanga yanajipanga Jumapili hadi kwenye ule msufi. Baba akaagiza kaa wa nazi. Mimi nikaagiza samaki, maana mwiko wa mama nimeushika mpaka leo, kaa hajawahi kupita midomoni mwangu. Wewe huko sikuulizi, na usiniambie.

Kaa aliletwa, mwekundu, mchuzi unang'aa, harufu yake ilinifanya hata mimi nimeze mate. Baba akavunja gando moja, akanyonya, akaliweka chini. Akasukuma sahani mpaka katikati ya meza. Jaozafy mwenyewe akaja mbio.

"Nahodha, kuna kasoro?"

"Hamna kitu humu," Baba akasema.

"Hamna kitu vipi? Kaa ametoka kwenye mikoko asubuhi hii hii!"

"Sikusema amelala. Nimesema hamna kitu."

Tukaondoka. Kesho yake tukaenda hoteli nyingine, ya mapacha wale wa darajani. Hamna kitu. Tukaenda kwa yule mwenye redio. Hamna kitu. Kamba wa kukaanga, hamna kitu. Pweza wa pilipili aliyewafanya watu wa meza ya jirani watokwe na machozi, Baba alitafuna kama mtu anayetafuna kitambaa, akasema amepooza.

Nyumbani nako nikiweka wali na maharage anakula vijiko viwili vya kuniridhisha, kisha anauliza chakula cha mchana ni lini, na mchana ndio huo huo. Anachotaka ni kwenda mtoni tu. Mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Kikoi anachojifunga jioni kinamteleza. Nilimpeleka kwa daktari wa hospitalini, akampima kila mahali, akasema mzee hana ugonjwa, ale tu. Ale tu! Nilitaka kumuuliza yeye ana dawa ya kumfanya mtu ale tu, lakini Baba alikuwa pale.

Halafu likazuka jambo jingine ambalo hata wewe ungelicheka, kama usingekuwa mwanawe. Unajua sifa ya Baba mjini hapa. Watu wote wanakumbuka kaa wa nyumbani kwetu, na wanaamini hakuna ulimi kama wa Nahodha Tombozafy. Basi wageni wakaanza kumtazama. Akiingia hotelini, wenye kuagiza wanasubiri. Akisukuma sahani, wanainuka. Kwa Jaozafy siku moja watu wa meza tatu waliondoka na njaa zao kwa sababu mzee mmoja mwembamba amesema hamna kitu.

Jaozafy alinifuata sokoni. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema, "Dada Soavelo, nakuomba kwa heshima. Mzee wako namheshimu. Lakini mpeleke kwingine." Mapacha nao hivyo hivyo. Yule mwenye redio alikuwa akituona tunakuja anaweka ubao wa "tumefunga" huku moshi unatoka jikoni. Nikawa natembea kando ya mto na baba yangu mzazi kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga, kila mlango unageuka upande mwingine. Ningeweza kulia barabarani.

Ikabaki hoteli moja tu, ya Mama Totozara, pale gatini, kibanda cha mbao chenye mabenchi. Yeye hakuweza kutufukuza hata angetaka, kwa sababu ni mtani wetu. Nani amewahi kumfukuza mtani na chakula kipo jikoni? Kutukana ruhusa, kufukuza hapana. Na kutukana huko hakuacha, nakuhakikishia. Amejipaka liwa usoni, mikono kiunoni, sauti inafika ng'ambo.

"Karibuni mumwone mharibifu wa biashara za watu! Wamekufukuza kote, sasa umeona uje kuniua mimi?"

"Nimekuja kula, sikuja kukuoa," Baba anamjibu.

"Nani aolewe nawe, mifupa mitupu! Mbwa wangu anakutazama anajilamba!"

"Mbwa wako mpe chakula chako, tuone kama atakubali."

Watu wanaangua kicheko. Na Baba, nakuapia, wakati wa matusi hayo ndipo rangi ilikuwa inamrudia usoni. Kisha kaa analetwa, anavunja gando, ananyonya, anasukuma sahani. Mama Totozara anaichukua na kumpa mtu mwingine. Hiyo ndiyo ikawa kila siku yetu.

Wiki iliyopita alinivuta jikoni kwake, akaacha utani kabisa. Akaniuliza, "Mama yako alikuwa akitia nini?"

Nikamwambia hakuwa akitia kitu. Nazi, tangawizi, nyanya, chumvi, kama watu wote. Akasema haiwezekani. Ndipo nikamweleza jambo ambalo mimi na wewe tumekua nalo hata hatulioni. Nilimwambia kwamba ukoo wa mama kumpika kaa hawakukatazwa, wamekatazwa kumla. Kwa hiyo mama alimpika kaa miaka yote ya ndoa yake bila kujua ladha yake. Alikuwa akichota mchuzi kwa kijiko, anaweka kiganja chini yake usidondoke, anatoka nao uani mpaka alipokaa Baba. Baba anaonja. Anasema bado chumvi, au nazi bado mbichi, au epua. Mama anarudi jikoni, anatia, anachota tena, anatoka tena. Wewe na mimi tulikuwa tunaambiwa tusipite njiani, kijiko kinapita.

Mama Totozara akafungua aproni yake. Akasema, "Kumbe sisi wote tunamletea sahani, na mzee anangoja kijiko." Akanivua mtandio akanifunga aproni yake. "Pika wewe. Mwiko ni wako, huonji. Mpelekee kijiko."

Jaomiza, niliogopa. Lakini nilifurahi pia, nisikufiche. Nilijiona mjinga kwa kutolifikiria. Nilijiambia, leo Baba atakula.

Ilikuwa mchana wa siku ya soko, hoteli imejaa mpaka kwenye ngazi, wasafiri wa boti, wenye maduka, hata mmoja wa wale mapacha alikuja kuchungulia. Nilikata kaa kama mama alivyokuwa akikata, nikakaanga tangawizi, nikamimina nazi. Nilipoona mchuzi umeshika, nikachota kijiko, nikaweka kiganja chini, nikatoka.

Watu walinipisha. Baba aliponiona nakuja na kile kijiko alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akafungua mdomo kama mtoto. Akaonja, akafumba macho.

"Bado," akasema. "Chumvi haijafika."

Mabenchi yote yakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi, kwa sababu hakusema hamna kitu. Nikarudi mbio, nikatia chumvi, nikachota tena.

"Bado."

"Mzee, usituchoshe na njaa!" mtu mmoja akapiga kelele. "Sema imekolea tule!"

"Mwacheni nahodha atie nanga mwenyewe!" akajibiwa.

Nikatia tena. Nikapeleka tena. "Bado, mwanangu." Nikatia. Mimi nitajuaje? Mkono wangu uliniambia chumvi ni nyingi, lakini mkono si ulimi, na ulimi wa nyumba yetu siku zote ni Baba. Alisema bado, nikatii, kama mama alivyokuwa akitii. Niliporudi safari nyingine alionja taratibu, akafumbua macho, akanitazama usoni. Sijui aliona nini usoni mwangu. Nilikuwa na jasho, nilikuwa nacheka, nadhani nilikuwa karibu kulia.

Akasema, "Tayari. Epua."

Kelele iliyopigwa pale ingewaamsha walio makaburini. Kila mtu akataka kaa wa Nahodha. Nikampakulia Baba kwanza, sahani imejaa, na Mama Totozara akagawa kilichobaki kwenye sufuria meza kwa meza. Baba akaanza kula. Alikula kwa mikono, haraka, kichwa ameinamia sahani. Nilisimama nyuma yake nikimshukuru Mungu na wazee wetu.

Kisha nikasikia mtu anatema.

Yule mwenye duka la baiskeli alikuwa amesimama, mkono mdomoni. "Lo! Hii mmechota baharini?" Mwingine naye akatema. Mwanamke mmoja akasukuma sahani akiomba maji. Kicheko kikaanza upande wa ngazi, kikaenea, maana walidhani ni utani, walidhani Baba na Mama Totozara wamewatega. Mmoja akasema, "Nahodha ametukomesha leo!" Hata mimi nikageuka nimtazame Baba nione kama anacheka.

Baba alikuwa anakula. Alikuwa anavunja magando yake, ananyonya, anachovya wali kwenye ule mchuzi ambao hakuna mtu mwingine aliyeweza kuumeza, anakula. Hakukunja uso. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa watu wa mwisho ambao hawakuwa wanaona vizuri, kisha nacho kikakatika.

Ndipo tulipoelewa sote kwa pamoja, mbele za watu, mchana kweupe. Hoteli zote zile hazikuwa na kosa. Jaozafy hakuwa na kosa. Baba hapati ladha yoyote mdomoni. Chumvi yote ile ilipita kwenye ulimi wake kama maji ya mvua.

Nilimtazama Mama Totozara. Nilimwogopa, maana yeye peke yake pale alikuwa na haki ya kusema lolote, na mtani akisema hatukasiriki. Nilijua neno moja lake lingewafanya watu wacheke mwaka mzima. Alichukua sahani ya yule mwenye duka la baiskeli, akavuta benchi, akakaa mbele ya Baba, akaanza kula naye. Macho yalimwiva. Alikunywa maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, bakuli zima, akaendelea kula. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga.

Njiani Baba hakutaka bajaji. Tulitembea. Tulipofika kwenye ule msufi alisimama kupumzika, akaniambia bila mimi kumuuliza, "Ni tangu siku ile tulipomzika mama yako. Nilirudi nikala wali, nikadhani mmesahau chumvi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nikitumaini ni wao," akasema. "Kila nikiona hoteli mpya najiambia, labda hawa wanajua kupika."

Jaomiza, mimi sina la kufanya. Nimerudi kwa daktari, anasema wazee wengine huwa hivyo, na huzuni nayo huchangia, ladha yaweza kurudi na yaweza isirudi. Bemora amemwita mganga wa kwao Befandriana, ametoa majani ya kusukutua, tumesukutua. Nimempikia kila kitu ninachokijua. Sina hata uwezo wa kuonja kaa niseme yupoje, na aliyekuwa akituonjea haonji tena. Nikikaa jikoni naona sufuria linachemka na sijui niliendee kwa njia gani. Usiniandikie kwamba nijitahidi. Nimejitahidi.

Nilidhani baada ya aibu ile hatatoka tena nyumbani. Lakini kesho yake adhuhuri alivaa lile shati jeupe, akachukua kofia. Nikamuuliza tunakwenda wapi. Akasema mtoni, kwa Jaozafy kwanza.

Jaozafy alituona akaganda mlangoni, kitambaa begani. Habari zilikuwa zimeshamfikia, mji wenyewe huu. Alitukaribisha kwenye meza ileile ya juu ya maji, akaleta kaa wa nazi kwa mikono yake, akasimama pembeni asijue aende au abaki. Baba akavunja gando, akanyonya, akatafuna. Akameza. Akamgeukia Jaozafy akamwambia, "Tamu sana, mwanangu. Hongera."

Jaozafy akasema asante, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka tulipoondoka.

Kwa mapacha alisema tamu. Kwa mwenye redio alisema tamu. Kwa Mama Totozara alikula akamaliza kila kitu, akafuta vidole kimoja kimoja, akamwambia, "Leo umepatia, mke wangu wa kikwelikweli." Yule mama alifungua mdomo amtukane, akageukia jiko kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Sasa ndiyo kila siku yake. Anazunguka hoteli zote za mtoni na kuwaomba radhi kwa njia hiyo, anakula sahani za watu mpaka mwisho na kuwasifu. Wageni wanasikia wanaagiza. Biashara ni nzuri. Watu wananisimamisha wakiniambia hongera, mzee amepona.

Anaanza hata kunenepa kidogo. Na mimi nakaa mbele yake na samaki wangu, namwona anavyomeza, tonge baada ya tonge, na kila akisema tamu nainama nisimtazame.

Ukipata ruhusa, njoo. Sikuiti uje kufanya lolote, maana hakuna la kufanya. Njoo ukae upande wa pili wa meza, nisiwe peke yangu nikisikia.

Bemora anakusalimu, anasema bado anangoja kofia uliyomwahidi. Zaratiana anakusalimu. Mama Totozara anasema wewe ni mkimbizi na sura yako imeharibika, hizo ndizo salamu zake, zipokee. Nisalimie sana wifi Odile na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Baba anakusalimu, nimemsomea mwanzo wa barua, ule wa kunenepa, akacheka. Yaliyofuata sikumsomea.

Mungu na wazee wetu wakulinde huko uliko, wakurudishe kwa miguu yako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usiponiandikia,

Soavelo